Bahasha Mbili za Mwezi wa Marehemu

Makambako, Njombe.
Jumatatu, 25 Novemba 2024.

Mpendwa shangazi yangu, Sista Oktavia,

Shikamoo, shangazi. Kamwene! Habari za huko Tabora? Magoti yanasemaje? Mara ya mwisho uliniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi za kanisani kwa kushikwa mkono na Sista Prisila, na kwamba hulipendi jambo hilo hata kidogo. Naomba ukubali kushikwa, shangazi. Wewe ulitushika sisi wote tukiwa wadogo na hakuna aliyekuwekea kinyongo.

Sisi hatujambo. Denis wangu ni mzima kabisa. Anaamka mapema, anakwenda karakana, anapiga randa mpaka mchana, na ule ugomvi wake na wauza mbao umerudi wote kama zamani. Mwanetu Ronald yuko Dodoma kazini, anapiga simu kila Jumapili. Mvua zimeanza vizuri, mahindi tumeshapanda, na ile miche ya parachichi uliyosema sitaiweza imeanza kuzaa. Nitakutumia picha ili unyamaze.

Najua unajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Shangazi, wewe ukipokea simu unaweka sauti ya nje, na masista wote waliopo mezani wanasikia mpaka bei ya viazi vya Makambako. Haya ninayotaka kukuambia leo ni ya kwako kwanza. Ukishayasoma, ukiona vema kuwasomea wenzako, ni juu yako.

Nianze na kosa langu. Tangu mwezi wa nne, kila uliponipigia uliniuliza kama tunasali rozari jioni, nami nilikujibu, "Tunasali, shangazi, kila jioni." Nilikudanganya. Denis alikuwa anasali. Mimi nilikuwa jikoni nikijifanya naangalia maharage yasiungue. Ile rozari ya mbegu nyeusi uliyonipa siku ya ndoa yangu ilikuwa imening'inia kwenye msumari pembeni ya kalenda, na nilikuwa napita hapo bila kuitazama. Kanisani nilikwenda, na midomo niliichezesha, lakini sikusali. Miezi saba, shangazi. Mimi ambaye ulinifundisha Salamu Maria tukipukuchua mahindi, punje moja kila sala, kabla sijajua kusoma.

Unakumbuka Denis alipougua mwezi wa tatu, utumbo ukajisokota, tukampeleka hospitali ya Ikonda, kule Makete. Alifanyiwa upasuaji siku ileile tuliyofika, na tukakaa huko wiki tatu. Hayo unayajua, na ulituombea sana. Ambacho sikukusimulia ni habari za kitanda cha jirani. Pale alilala Amos Nyagawa, mkulima wa Mdandu, akiumwa ini, na mkewe Esnath ndiye aliyekuwa akimuuguza. Wao ni Walutheri. Mimi na Esnath tulipika kwenye sufuria moja na kujifunika blanketi moja, maana baridi ya Makete unaijua. Waume zetu nao wakawa marafiki. Amos alikuwa mcheshi hata akiwa na maumivu. Alimwambia Denis kwamba seremala akilazwa anapaswa kwanza arekebishe kitanda chake, kinalia mno, wagonjwa wengine hawapati usingizi. Denis alicheka mpaka akashika mshono.

Kila asubuhi saa kumi na mbili mimi na Esnath tulikutana kwenye karo la kufulia ili tusali. Siku ya kwanza nilishindwa. Nikifungua mdomo nimtaje Denis, kinachotoka ni kilio. Yeye naye vilevile kwa Amos. Basi akasema, "Mama Ronald, tubadilishane. Wewe mwombee wa kwangu, mimi nimwombee wa kwako."

Tukafanya hivyo. Shangazi, sijawahi kusali vile maisha yangu yote. Nilimwombea Amos kwa jina, kwa machozi, kiungo kwa kiungo, mikono ikiwa ndani ya yale maji ya baridi na sisikii kitu. Esnath pembeni yangu anakamua shuka na kumtaja Denis kana kwamba ni kaka yake wa tumbo moja. Siku kumi na nane tulisali hivyo.

Denis akapona. Amos akafariki. Alifariki Jumanne asubuhi, na sisi tuliruhusiwa Alhamisi ya wiki hiyohiyo.

Tangu hapo jambo moja likaniganda moyoni. Sala ya Esnath ilifika, yangu haikufika. Yeye alinipa mume mzima, mimi nikampa jeneza. Nilijiuliza nilikosea wapi, kama kuna siku nilisali kwa haraka, kama moyoni kwa siri nilikuwa namtaka Denis tu na Mungu akaona. Esnath alinipigia simu mara mbili baada ya mazishi, na mara zote mbili niliiangalia simu ikilia mpaka ikanyamaza. Naandika hili kwa aibu kubwa.

Sasa unaijua desturi yetu. Mtu akitoka hospitali mzima, familia inapeleka shukrani kanisani. Jumuiya nzima inajipanga, mnaingia na maandamano ya mahindi, viazi na kuku, watu wanaimba, halafu wote wanakuja kula nyumbani. Jumuiya ilianza kuniuliza mwezi uleule tuliorudi. Nikasema mvua ziishe kwanza. Mvua zikaisha, nikasema tuvune. Tukavuna, nikasema Ronald hana likizo. Mama Dorosela, mwenyekiti wetu wa jumuiya, si mtu wa kuzungushwa mara tatu. Aliniuliza mbele ya watu kama Denis kweli amepona au tunaficha ugonjwa.

Denis aliumia sana siku ile. Njiani tukirudi aliniuliza kama uhai wake ni kitu kidogo kiasi hicho machoni pangu. Ningemwambia nini? Kwamba kila nikitaka kusema asante kwa ajili yake, namwona Esnath akikunja lile blanketi peke yake? Tukaendelea kutembea, yeye mbele, mimi nyuma.

Ikafika Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Mama Dorosela akaja mwenyewe na bahasha mbili, moja imepigwa muhuri wa MAREHEMU, nyingine SHUKRANI, akaketi kwenye kochi na kutangaza kwamba haondoki mpaka zijazwe. Majina ya wazee wetu nilikuwa nimeshayapeleka. Nikachana vikaratasi viwili. Kimoja nikaandika Amos Nyagawa, nikiwaza kwamba kama nilishindwa kumwombea akiwa hai, angalau nimwombee akiwa marehemu. Kingine nikaandika Denis Mlowe, ili watu wapate cha kusikia na waache kuniuliza. Ilikuwa shukrani ya kukwepa shukrani. Nikavitia ndani, nikalamba gundi, nikamkabidhi. Machozi yalikuwa yananilengalenga, sikuangalia kipi kimeingia wapi.

Nadhani umeshaelewa.

Jumapili ya tarehe tatu, katekista Patrick alisimama kabla ya misa kusoma nia za maombi. Unamkumbuka, husoma kama mtu anayekimbizwa na mvua. Akasoma kwamba familia ya Denis Mlowe inamshukuru Mungu kwa ajili ya Amos Nyagawa. Hata pumzi hakuvuta, akaingia kwenye marehemu, akataja wa kwanza, akataja wa pili, akamtaja marehemu Denis Mlowe, na kanisa zima likamwombea raha ya milele na mwanga wa milele. Tulipokwisha kuitikia Amina ndipo Patrick akainua uso, akakutana macho kwa macho na marehemu, ameketi benchi la tatu na koti lake la kijivu.

Watu walicheka, shangazi, na padre naye alishindwa kujizuia. Denis akasimama, akainama kidogo kulia na kushoto kama bwana harusi, akakaa. Nyumbani alisema, "Mmenitakia raha ya milele, na mimi hata chai sijanywa." Neno hilo bado anatembea nalo mjini, kila anayekuja karakana lazima asimuliwe.

Mimi nililia mpaka mwisho wa misa. Waliokuwa karibu walidhani nalia kwa aibu. Nililia kwa sababu ya lile la kwanza, kwamba tunamshukuru Mungu kwa ajili ya Amos. Miezi saba jina la Amos kwangu lilikuwa jina la sala iliyoshindwa, basi. Sikuwahi hata siku moja kushukuru kwamba alikuwepo, kwamba alimchekesha mume wangu siku ambazo mimi nilishindwa hata kumtazama, kwamba alikuwa na mke wa kuniambia tubadilishane. Ilibidi niharibu bahasha ndipo sala hiyo isemwe. Nilimweleza Denis yote siku hiyohiyo, na Jumatano nikapanda gari kwenda Mdandu.

Esnath nilimkuta shambani anapanda. Aliponiona aliacha kupanda. Alikwenda ukingoni mwa shamba, akarudi na jembe la pili, akanipa. Tulimaliza mstari mzima. Halafu nikamwambia kila kitu: simu ambazo sikupokea, sala yangu ambayo haikufika, na shukrani niliyoiahirisha kwa sababu niliona ni sawa na kumchezea ngoma kwenye msiba wake.

Nilitegemea anibembeleze. Shangazi, alikasirika. Alichomeka jembe chini, akaniambia, "Mama Ronald, mimi nilitoka Ikonda na jeneza. Kitu pekee nilichotoka nacho mkononi ni Denis wako. Nilimwambia Mungu, basi, kwa huyu umenisikia. Nimekishika hicho miezi yote hii. Leo unakuja kuniambia hamjashukuru? Unataka kuninyang'anya na hicho?"

Mimi nilidhani uzima wa Denis unamuumiza, kumbe ndio aliokuwa akiuegemea. Na simu zile mbili alipiga ili kuuliza tu kama mshono wa Denis umekauka. Tulikaa chini kwenye matuta tukalia, halafu tukaendelea kupanda, maana wingu lilikuwa limeshafunga. Nilimwomba msamaha. Alisema atanisamehe siku ya shukrani, akija kuiona kwa macho yake.

Basi jana, Jumapili ya Kristo Mfalme, tumeifanya. Esnath alikuja tangu Jumamosi na debe la viazi na tetea mwekundu. Mama Dorosela alipomwona alianza kuuliza mambo ya Walutheri kwenye maandamano yetu, kisha akamwangalia usoni, akaacha, akaenda kumtafutia kitenge cha jumuiya. Denis alitangulia amebeba kiti cha padre alichokitengeneza mwenyewe. Mimi na Esnath tulifuata na kapu la viazi, yeye kashika mpini mmoja, mimi mwingine. Katekista Patrick safari hii alisoma polepole, karatasi kaiweka mbali na uso: familia inamshukuru Mungu kwa ajili ya Denis, ambaye yuko hai, akasita kidogo mpaka watu wakacheka, na kwa ajili ya Amos, aliyetangulia. Nilimwangalia Esnath. Alikuwa anacheka na kulia, na kapu halikuyumba.

Kwa nini Amos hakupona, sijui. Nimeacha kujifanya nitajua. Padre naye nilimuuliza, akasema hata yeye ana majina yake ya namna hiyo. Nilimpenda kwa jibu hilo.

Jana jioni wageni walipoondoka, Esnath aliiona rozari yako kwenye msumari, akauliza ni ya nani. Akaitungua yeye, akaipangusa vumbi kwa kitenge, akanipa. Yeye haijui sala hiyo, basi nikampa hindi moja lililobaki kwenye mbegu, nikamfundisha kama ulivyonifundisha wewe, punje moja kila Salamu Maria. Denis alianza kusinzia kabla hatujafika nusu, kama kawaida yake. Mimi sikuona maajabu, shangazi, na mara mbili nilipotea njiani nikawaza vyombo visivyooshwa. Lakini nilikuwa nasali. Nilijua kabisa kwamba kuna anayenisikiliza, na nilikuwa na furaha kuliko ninavyoweza kukuandikia.

Nisamehe kwa kukudanganya. Na umtaje Esnath kwenye sala zako, maana nyumba yake bado ni kimya na watoto wako mbali.

Denis anakusalimu sana, anasema kiti chako cha kupumzishia magoti kimebaki kupakwa rangi tu. Kaka Joackim na mkewe Lightness wanakusalimu kutoka Njombe mjini. Nisalimie Sista Prisila na masista wote wa nyumba yenu. Mungu aliyetupa wewe akulinde, akupe usingizi mzuri na miguu ya kukufikisha kanisani.

Ukinipigia Jumapili, naomba uniulize tena kama tunasali jioni. Na uweke sauti ya nje, masista wote wasikie jibu.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye daima,

Scolastika