Kopi hailali nyumba moja na mama yake

Papa Cirhuza,

Sikuulizi habari za huko. Ukinijibu, nitakimbia.

Mimi ndiye nakaa sasa kwenye meza yako pale hospitali, chumba cha mashine. Hawakunichagua, hakuna mwengine aliyeitaka. Na mashine yenyewe ilikufa. Kilio chako kilikuwa kimetoka kuisha. Umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa nguvu kama askari mwenye hajalipwa mushahara, ukachoma diski ya serveri. Fishi zote za wagonjwa wa kifua kikuu zilikuwa mule: jina, kijiji, dawa, mwezi wa kuanza.

Watu walishika kichwa. Mimi nilicheka. Nilikukumbuka kila Ijumaa jioni, unatoka na bande za kopi, zile kanda za mashine, ndani ya mufuko, chini ya mukate. "Kopi hailali nyumba moja na mama yake," ulikuwa unasema. Nikapanda Kadutu kwako mbio, uso wa shujaa nimeshauandaa njiani.

Maman Nabintu alinifungulia mulango. Nyumba tupu, Papa. Hata mapazia. Siku ya kumaliza kilio ndugu zako walikuja wakagawana: redio, godoro, koti yako ya abakosi ya kaki, na katoni ya bande. "Niliwaambia hii ni ya hospitali," mujane wako akasema. "Wakanijibu: mwanamuke, bintu bya mufu biko bya famille. Nyamaza."

Katoni ilimuangukia mudogo wako Birindwa. Nikaenda mpaka Kabare. Alinipokea vizuri sana, lazima niseme. Alinimiminia kasiksi, pombe ya ndizi, mbele ya kuniuliza shida yangu.

"Karibu, mutoto ya kaka! Ile makaseti? Nilijaribu mu radio, ikakatala kuingia. Iko mikubwa sana. Nikasema, kaka yangu hakukuwa mujinga, lazima iko na kazi."

Akanishika mukono, akanipeleka shambani. Alikuwa amezifungua zote. Utepe umefungwa kwenye miti, kutoka pembe mpaka pembe, juu ya mutama, na upepo unaupigisha filimbi.

"Angalia! Hata ndege moja haigusi."

Kweli, hawakugusa. Wagonjwa wetu wote walikuwa pale wanang'aa kwenye jua, na sikuweza kumukasirikia huyu mutu. Nilimaliza pombe yake. Wewe ndiye nilikukasirikia. Ulipanga kifo cha mashine mpaka nukta ya mwisho, cha kwako haukukipanga. Neno moja tu kwa mudogo wako, Papa. Moja.

Wagonjwa wenye walirudi, tuliwauliza wenyewe. Mumoja alisema dawa yake ni "ile vidonge nyekundu, lakini si nyekundu sana." Wenye hawakurudi, hatujui hata pa kuwafuata. Unamukumbuka yule muchimba dhahabu wa Mwenga, mwenye alikuwa anakuita fundi ya televizyo? Alikuwa amebakiza kidogo tu apone. Sista wa dawa alifunga viatu ili amufuate. Kijiji gani? Mwenga ni kubwa. Akafungua viatu. Yule mutu hajaonekana mpaka leo, na mwenye kuacha dawa katikati, wewe unajua.

Sasa wametuletea mashine mupya, na programu ya kutunza kopi, yenyewe iko ndani ya diskete. Daktari mukubwa alituita tupange namna ya kuiweka. Tulipanga saa ya kopi, kufuatana na jenereta. Tulipanga ufunguo. Tulipanga bande zitazunguka namna gani. Nikauliza: mutunza bande akifa, je?

Daktari mukubwa akikasirika anarudia lugha ya chama, ile ya kuitana raia: "Citoyen, unamuloga nani hapa?" Muhasibu, mwenye tulikuwa tumemutaja kuwa mutunza, alifanya alama ya musalaba. Wakataka niandike "akisafiri." Nikawaambia, Papa Cirhuza naye alisafiri.

Hakuna aliyekubali jina lake liandikwe karibu na lile neno. Basi bande nimezichukua mimi, na nimeandika mwenyewe ndani ya mupango: siku nitakayokufa, bande si urithi. Mutu hashitakiwi kwa kujiloga. Jumapili nikawaita kaka zangu, nikanunua bia, nikawaambia mbele ya majirani: redio, chukueni. Godoro, muachieni muke wangu. Ile katoni irudi hospitali siku ileile, mbele ya kunizika kama inawezekana.

Kaka yangu mukubwa aliniangalia sana. "Uko mugonjwa?"

"Bado," nikasema.

Muke wangu hajaongea na mimi tangu pale. Chakula anaweka mezani, anatoka. Lakini walisikia wote.

Programu tunaiweka wiki kesho. Wageni wenye walileta mashine watakuja kupiga picha, na wanataka niweke sahihi siku hiyohiyo kwamba yote iko sawa. Pumzika, Papa. Mungu akupe nafasi pahali pa baridi. Mimi nakuahidi hivi: mbele ya kuweka sahihi, nitafuta mugonjwa mumoja ndani ya mashine, asibakie hata jina, wote wakiona. Kisha nitamutafuta kwenye bande. Akirudi na jina lake, kijiji chake na dawa yake, nitaweka sahihi. Asiporudi, wageni wangoje.

Mutoto wako wa kazi,
Mushagalusa