Damu ya Bukuru kwenye Fishi ya Butoyi

Lubumbashi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mgongo umepoa? Wajukuu wanakula vizuri? Huku minye niko mzima, kazi ya kupika mu resto inaendelea, ila moyo haujatulia. Ninaandika kwa sababu simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, na haya ni ya sisi wawili. Barua namkabidhi jirani yangu, atashuka hapo kwenu bandarini Kalundu na boti inayotoka Kalemie.

Mama, tangu muganga aseme virusi havionekani katika damu ya mwanangu Butoyi, nilikuwa ninaimba hata nikiosha sufuria. Nilifikiri zile wiki alizokosa dawa, mlipokimbilia Burundi, hazikumdhuru. Halafu juzi ukaniambia kwa furaha: "Si Butoyi nilipeleka. Ule iko na damu kidogo, nilimuhurumia. Nikabeba Bukuru, yeye iko na nguvu. Ni mapacha, si damu ni ile moja?"

Nilikuambia rezo ya simu inakatika. Nilidanganya, Mama. Nilikata simu, nikakaa chini pale jikoni.

Sijakukasirikia. Ulimwonea mtoto huruma, na muganga ni mpya, hawezi kuwatofautisha. Lakini damu yao si moja. Ugonjwa ulitoka kwangu ukampata Butoyi peke yake. Kwa hiyo ile karatasi ya majibu inasema tu kwamba Bukuru ni mzima, na hilo tulilijua. Ya Butoyi hakuna anayejua. Labda dawa zimeshindwa, na muganga anampa zilezile kwa kuwa fishi yake, kadi yake ya hospitali, inaonyesha mambo ni mazuri. Na weye mwenyewe umesema anakohoa, na suruali ya shule haikai tena kiunoni. Ninaogopa sana.

Ukiisha kusoma, mpeleke Butoyi mwenyewe hospitali. Mweleze muganga yote. Wanachukua matone tu, hayatammaliza. Muganga akifoka, sema ni minye nilikutuma vile, anilaumu minye. Nilimpa mtoto huyu ugonjwa bila kujua. Sasa hili ninalijua, siwezi kunyamaza.

Nisalimie mjomba anayelima Mutarule, na yule dada wa kwaya anayekutekea maji. Bukuru mwambie hajakosa kitu.

Butoyi mshike mkono wakati wanamchoma. Unisaidie hapo, Mama, maana wangu haufiki.

Ni minye binti yako,
Riziki