Aqua Imefika Miguuni Pako

Baba yangu,

Ziwa limeingia bomani. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezungukazunguka.

Unakumbuka ukitufundisha Kilatini kule Luanda Kotieno huku ukishona nyavu? Seminari ilikufukuza au ulitoroka, hadithi ilibadilika kila mwaka, lakini Kilatini hukukiacha. "Aqua, aquae, aquam," tulikariri neno la maji, mikono ikinuka omena. Ulituambia mwisho wa neno ndio ulioonyesha nani anatenda na nani anatendwa, kisha watu wakaanza kuimeza miisho hiyo. Waitaliano wakabaki na acqua, Wahispania na agua. Wafaransa wanaandika herufi tatu, wanatamka "o" tu.

"Neno huliwa kuanzia mkiani, nyara," uliniambia, ukiniita binti yako kwa Kijaluo chetu, nami nikacheka. Nilikuona mzee wa maneno mengi.

Siku hizi sicheki. Maji yalianza na shamba la mihogo, yakaja kwa choo, yakachukua ule mti uliokuwa ukianikia nyavu. Kila Jumapili akitoka kanisani, Mama anachomeka kijiti pale maji yalipoishia. Jumapili inayofuata kijiti kiko ndani. Wiki jana tulikuta nyayo za kiboko juu ya kaburi lako.

Nimemwomba Mama aje tukae kwangu mjini, Obunga. Akaniambia, "Nimwache mzee wangu peke yake na maji? Akitoka, nitatoka."

Basi nikaenda kwa Baba Mdogo, kuomba tukufukue, tukuzike kule juu karibu na barabara. Ndugu yako hakunitazama hata. "Mtu akishalazwa, amelazwa," alisema. "Ukimgusa, lolote litakaloingia hapa ni lako." Tangu siku hiyo hakuna kijana kijijini anayekubali kushika jembe.

Nina hasira naye. Nina hasira na wewe pia, Baba. Ni wewe uliyechagua pale chini, ati usikie boti zikitoka.

Jana, Jumapili, nilimkuta Mama mlangoni, miguu kwenye matope, akisema polepole, "Aqua, aquae, aquam." Sikujua kwamba miaka yote ile alikuwa anasikiliza. Kijiti cha jana amekichomeka miguuni pako. Nyumba iko hatua kumi kutoka hapo.

Jumamosi nakuja na jembe, hata nikiwa peke yangu. Naogopa sana. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Mama mwache atoke.

Ni mimi,
binti yako aliyecheka