Fiwi za Mtoto wa Waweru

Jumatatu, 2 Novemba 1953
Mvua tena. Mjomba Njoroge na wapasua mbao wenzake watano wamerudi kutoka msituni, unga wa mbao umewaganda shingoni. Ugali wangu ulikuwa mbichi. Hakuna aliyelalamika, wamechoka mno. Mimi ndiye mpishi wa kambi kwa kuwa sina kazi nyingine. Chuo cha Kampala kimenisimamisha mwaka mzima kwa ajili ya hotuba moja, na nyumbani Nyeri siwezi kukanyaga: Hali ya Hatari ya Waingereza haitofautishi msomi na mnyang'anyi.
Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kiingereza ni chao. Kikikuyu kikikutwa mkobani ni ushahidi.

Jumatano, 4 Novemba
Amri imetoka boma la Same. Kila Mkikuyu aliyeko Upare apate cheti cha jumbe kwamba mwenendo wake ni mwema. Asiyepewa atapandishwa treni, arudishwe Kenya, na huko ni moja kwa moja ndani ya seng'enge. Vyeti vitatolewa Alhamisi ya wiki ijayo.
Mjomba amepasua mbao milima hii miaka kumi na mmoja. Paa la kanisa pale chini Myamba ni jasho lake. Leo aombe karatasi ya kuthibitisha kuwa ni mtu!

Alhamisi, 5 Novemba
Waweru amepata barua. Miezi miwili njiani. Imefunguliwa na kugundishwa tena. Mkewe amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Waweru, mtu wa kutania hata msiba, aliketi juu ya gogo akiikunja na kuikunjua.
Kwetu mzazi hupikiwa njahi, yaani fiwi nyeusi, zimrudishie damu na kumletea maziwa. Nani amempikia, na kijiji chote kimehamishwa? Nimeamua: Jumamosi tutazipika sisi, tuzile kwa niaba yake. Wanaume saba wenye ndevu kula chakula cha mzazi! Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Waweru akauliza nani kati yetu atanyonyesha.

Jumamosi, 7 Novemba
Fiwi tulizipata sokoni Myamba kwa Mama Naetwe, jirani yetu Mpare. Alipanda mwenyewe kuja kunisimamia.
"Mwanangu, unazikoroga kama mnagombana."
Nilipoanza kuziponda pamoja na mahindi, viazi na ndizi mbivu alishika kiuno. "Makande mazuri hivyo! Mnayapiga yamekosa nini?" Akala sahani mbili.
Mlangoni nilijenga tao la majani ya migomba. Waweru hakulipenda. Nyumbani, wanaokula kiapo cha kumpiga vita Mzungu hupitishwa chini ya tao kama hilo, na kila askari anajua.
"Profesa, liondoe."
Nikamjibu kwamba shuleni tulimjengea Gavana tao lile lile, na Askofu pia. Kwa Gavana liwe heshima, kwa mtoto wetu liwe jinai?
"Gavana ana askari," alisema. "Mwanangu ana wewe."
Nilicheka. Sikuliondoa. Tulipita chini yake mmoja mmoja, kisha nikahutubu mbele ya chungu. Ardhi. Utu. Kizazi kitakachozaliwa bila kipande shingoni. Nilisema vizuri. Fiwi zilipoa. Watu wawili wapita njia walisimama bondeni, wakasikiliza, wakaenda zao.

Jumanne, 10 Novemba
Wamekuja. Mkaguzi Mzungu, askari wanne, jumbe nyuma yao akitazama viatu vyake. Walihesabu sahani: saba. Wakaandika saba, kwa kuwa wamefundishwa kuwa kiapo chetu huenda kwa saba. Jani la mgomba, limekwisha kunyauka, wakalifunga kwenye gazeti kama kielelezo.
Karamu ya nani? Waweru akasema yake. Mkubwa wa kambi nani? Mjomba akasema yeye.
Nilisema tao ni langu na maneno ni yangu. Nilisema kwa Kiingereza, upumbavu wangu wa mwisho. Uso wa mkaguzi ulilainika. Akaniuliza chuo gani. Akasema ni uungwana kuwakingia kifua wazee wasiosoma, lakini nisiharibu maisha yangu. Hakuniamini! Nimetamani kuogopwa tangu nina miaka kumi na sita, na siku ya kuogopwa nikapigwapigwa begani.
Mama Naetwe alikuja mbio. "Hata mimi nimekula! Sahani mbili! Niandikeni!" Hawakumwandika.

Ijumaa, 13 Novemba
Wanne wamepewa vyeti. Nami nimepewa. Mjomba na Waweru wamenyimwa, wakateremshwa Same jana pamoja na wengine kutoka Mwanga. Nilishuka mlima gizani ili niwahi treni.
Stesheni, jua kali, vumbi jeupe. Mjomba aliniagiza nitandaze zile mbao mbichi kivulini, zisipinde. Hakuna neno la lawama. Ningelipokea kwa shukrani.
Waweru alitoa kichwa dirishani. "Profesa, leo usihutubu. Watu wana safari."
Sikuhutubu.

Jumapili, 15 Novemba
Mvua imekatika. Wenzangu wamelala. Mbao nimezitandaza.
Nimekaa kumwandikia mke wa Waweru. Ni lazima ajue mumewe yuko upande gani wa mpaka, na kwa kosa la nani. Kwetu mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mwanawe. Kumwita vinginevyo ni kumvunjia heshima. Mtoto wa kike wa kwanza huchukua jina la bibi yake, mama wa baba. Simjui mama yake Waweru kwa jina. Nimewauliza wote wanne. Hawajui. Barua ameondoka nayo.
Nilisimama nusu saa mbele ya chakula cha mtoto huyu. Nilitaja taifa mara nyingi. Jina lake sikuuliza.
Nimeandika "Mama," nikaacha nafasi, nikaendelea na habari.