Buibui Lililomchoma Fundi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa sababu akili yangu imefika mwisho, na aliyeniambia nikuandikie ni wifi yangu, ingawa aliniambia huku akinicheka. Mume wangu ni fundi cherehani, anashona mabuibui na kanzu, na wiki iliyopita mchana alirudi kutoka kibandani kwake ameshika kidole gumba, nikamwuliza ana nini, akasema, "Buibui limenichoma," basi, akaingia chumbani akalala, na mimi namjua mume wangu, si mtu wa kukuza mambo, kwa hiyo niliposikia amesema limenichoma wala si amenichoma nikajua huyo si buibui wa kawaida, ni dubwana, na tangu siku hiyo sina raha. Kidole nimekipaka mafuta ya taa na kukikaza kwa uzi ili sumu isipande mkononi, lakini kimevimba mpaka kinang'aa, naye kila nikimwuliza hilo buibui lilikuwa na ukubwa gani anageukia ukutani na kuniambia, "Niache, mama watoto," nami naona ni sumu inampanda kichwani. Nimepuliza dawa ya wadudu vyumba vyote, chini ya vitanda na jikoni, sasa mtoto wetu mdogo anakohoa, na darini nimeua buibui kumi na mmoja, lakini wote ni vidudu vyenye miguu kama nyuzi, lile lenyewe sijaliona. Nakiri pia kwamba bila kumwambia mume wangu nimemwarifu mwenye nyumba kuwa mwisho wa mwezi tunahama, na nyumba niliyoipata iko mbali na kibanda na wateja wake wote. Wifi anasema, "Kaka yangu atakatwa kidole, wewe uko juu ya kiti unawinda darini." Mshauri, tuhame, au iko dawa ya kulifukuza?

Mama Watoto Mwenye Hofu

JIBU

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilishika kalamu nyekundu.

Mumeo anashona mabuibui. Umeliandika hilo kwa mkono wako mwenyewe, kisha ukalisahau kabla wino haujakauka. Buibui mwenye miguu minane ana uhai, na lugha yetu humpa haki yake: buibui ameniuma. Buibui linalovaliwa halina uhai wala meno, lakini fundi akisahau pini kwenye pindo, linachoma. Mumeo alikuwa na maumivu, na bado hakukosea hata herufi moja. Wewe ndiye uliyechukua silabi moja ukaiotesha miguu.

Utauliza kwa nini hakukusahihisha. Fundi mzima, achomwe na pini aliyoichomeka mwenyewe? Alipokuta umeshamwandalia dubwana, akaona afadhali dubwana. Anapogeukia ukutani, sumu haijampanda popote. Ni aibu.

Sasa tuseme angekuwa buibui kweli. Walio wengi hawana meno ya kupenya ngozi ya mtu, na wakikuona hukimbia. Wachache wana sumu ya kumdhuru binadamu, na hao nao huuma wanapobanwa, ndani ya kiatu, ndani ya nguo iliyolala sakafuni, chini ya kuni. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa, na vaa glavu unapobeba kuni. Hiyo ndiyo kinga. Akikuuma, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha baridi, na maumivu yakienea, misuli ikikaza au pumzi ikiwa nzito, nenda hospitali mara moja. Mafuta ya taa ni ya taa. Uzi ni wa cherehani. Na katika nyumba yako kiumbe aliyemdhuru mtu kwa sumu ni mmoja tu, naye ndiye aliyeshika kopo la dawa huku mtoto anakohoa.

Wale kumi na mmoja walikuwa wakikupunguzia mbu bure.

Ukifika hapa, weka gazeti chini. Fungua huo uzi. Fungua madirisha yote, umtoe mtoto nje, naye aonwe na daktari leo, pamoja na baba yake. Kidole kinachong'aa kwa uvimbe kimeingia usaha au kinakaribia, na pini yenye kutu huleta pepopunda, ambayo haichezewi. Wifi yako yuko sahihi, ingawa kicheko chake angekipunguza. Kisha nenda kwa mwenye nyumba, ukamwambie hamhami, na sababu ya kweli umweleze mwenyewe. Hiyo ndiyo adhabu yako.

Hospitalini, muuguzi atamwuliza mumeo amepatwa na nini. Mwache ajibu. Usimsaidie, usimkatize. Kaa kimya, usikilize kiambishi.