Eda Barabarani

Durban, Jumatano

Kwako mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na goti limepungua kuuma. Kisima kimejaa? Yule mbuzi mwizi wa kanga bado yupo? Mimi na mjukuu wako Rehema tu wazima, alhamdulillahi. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka na sasa anajiona mtu mzima.

Barua hii nimempa mfanyabiashara anayerudi Tanga, ikufikie kabla wifi zangu hawajaja kukalia mkeka wako. Maana watakuja. Shemeji Hamisi, mdogo wake marehemu mume wangu, amewapigia simu kwamba nimevunja eda, kwamba nimeonekana barabarani na wanaume, na kwa hiyo sifai kumlea Rehema. Apelekwe huko kwa bibi yake mzaa baba. Basi sikia kwangu mimi niliyekuwepo.

Wiki iliyopita redio ilisema kimbunga kinateremka kutoka Msumbiji, watu wa karibu na bahari wahame. Chumba chetu ni cha chini kabisa, mitaa miwili kutoka pwani. Hata mvua ya kawaida huingia bila hodi. Nilikuwa nimebakiza siku arobaini na moja za eda. Tangu tumzike Baba Rehema sikuwa nimevuka kizingiti, sijajitia manukato, sijasema na mwanamume asiye maharimu ila kwa haja. Nilimtuma jirani kwa imamu wa mtaani. Akajibu kwamba kuhofia roho ni udhuru, niende, na hatari ikipita nirudi nyumbani kwangu.

Asubuhi hiyo Hamisi alikuja akasimama nje ya mlango. Yeye ni mwanafunzi, amepanga Glenwood, kule kilimani, ambako bahari hata ikipanda teksi haimfikii. Akasema, "Shemeji, ukivuka mlango huu eda imevunjika, na mtoto tutamchukua."

Nikamwuliza watamchukua akiwa hai au akiwa ameshazama. Akarudi kilimani kwake.

Walionichukua ni jirani zangu Wakongomani, Mama Esther anayesuka nywele hapa mjini, na mumewe Papa Benoît. Ni Wakristo, mama, wa kwaya kabisa. Lakini tangu msiba Mama Esther aliniuliza eda ni nini, na tangu hapo ananiletea kutoka sokoni kila ninachotaka. Siku hiyo alifunga kitenge katikati ya gari, mumewe mbele kwenye usukani, sisi wanawake na Rehema nyuma, ili nisionane naye. Kitenge chekundu chenye majogoo. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, na sioni haya kukwambia.

Tulikuwa tunakwenda Queensburgh, huko juu, kwa mwenzao wa kanisani. Ni mwendo wa nusu saa, nasi tulitumia karibu siku nzima. Mji wote ulikuwa unapanda kilima kile kile, magodoro juu ya magari, honi hazinyamazi, upepo unatusukasuka. Nyuma ya kitenge palikuwa na joto kama jikoni siku ya Idi, na Rehema akanitapikia mtandio. Mbele kulikuwa na kizuizi cha askari. Mmoja wao akaliona pazia, akadhani tumeficha bunduki au maiti, akalifunua kwa rungu. Papa Benoît alianza kueleza kwa Kiingereza, Kifaransa kikamwingilia, ikawa vurugu tupu. Nikamwambia askari mimi mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba nimefiwa na mume na hii ndiyo desturi yetu.

Akaliachia pazia, akavua kofia. Alisema mama yake naye alivaa nyeusi mwaka mzima, na hakuna aliyethubutu kumsumbua. Akatupitisha. Mzulu asiyenijua, mama, alinisitiri kuliko shemeji yangu.

Sasa hili la wanaume barabarani. Ni kweli. Karibu na kilele gari lilichemka likazima. Papa Benoît akabaki kwenye usukani, Mama Esther akashuka kusukuma peke yake, na gari likaanza kurudi nyuma, Rehema amelala ndani. Mama Esther akaniita.

"Dada, Mungu iko anaona. Shuka tusukume."

Nikashuka. Wapita njia wawili wakaja wakashika upande wa pili, tukasukuma kwenye mvua mpaka kituo cha mafuta. Katika magari yaliyotupita alikuwamo rafiki yake Hamisi, ambaye macho yake yalifanya kazi vizuri, mikono tu ndiyo iliyomshinda.

Tulifika kabla ya magharibi, tukalala wanawake peke yetu chumba kimoja. Na kimbunga? Hakikuja. Kiligeukia baharini. Asubuhi jua likawaka, nikarudi, nikakikuta chumba kikavu na tasbihi yangu pale pale kwenye msumari. Hamisi alikuja kucheka mlangoni, eti nimekimbia upepo.

Mama, nilikuwa na umri wa Rehema ulipokuwa kwenye eda ya baba. Jiko la jirani lilishika moto, ukanibeba mgongoni ukatoka kichwa wazi. Moto ukazimwa kabla haujatufikia. Shangazi alisema umekimbia moshi, nawe ukapiga magoti mbele ya watu wote ukaomba radhi. Nilikuona. Sijawahi kukuuliza, wala sikuulizi leo. Lakini mimi siombi radhi, na usiniombee. Wifi zangu wakija wape chai, wape heshima yao, Rehema usiwape.

Nisalimie kaka yangu Shaaban na mkewe, na bibi jirani anayekusaidia kuteka maji. Mwambie kaka asiuze ile cherehani yangu.

Zimebaki siku thelathini na tatu. Nitazikaa zote humu ndani, kwa ajili ya Baba Rehema, siyo kwa ajili ya Hamisi. Na redio ikisema tena, nitatoka tena.

Ni mimi mwanao uliyenibeba mgongoni,
Mwanaidi