Koharu Alipoitwa Jina

9 Oktoba

Kwako Bibi Fumie,

U hali gani? Baridi ya asubuhi imeanza kuuma, na nimesikia goti linakusumbua. Mimi ni Shivani, yule mwalimu wa kutoka Trinidadi anayefundisha Kiingereza shuleni kwa mjukuu wako.

Nakuandikia kuungama. Mwezi wa saba Koharu alinisemesha Kiingereza karibu na makabati ya viatu, Kiingereza safi cha miaka yake mitatu Kanada. Kumbe darasani alikuwa akijikwaa makusudi, asiwazidi wenzake. Miaka minne niko hapa Japani, na bado sikuelewa! Kesho yake nikamsimamisha mbele ya wote asome, nikasema, "Msikilizeni Koharu. Hivi ndivyo inavyosemwa."

Kwetu mtoto akisifiwa hivyo anarudi nyumbani akiruka. Hapa nilikuwa nimemvua nguo mbele za watu. "Mheshimiwa Kanada, tutafsirie basi!" wakaanza. Tangu likizo iishe hajakanyaga shule. Nisamehe. Nimetuma keki.

Mwalimu Shivani

21 Oktoba

Mwalimu Shivani,

Hatujambo. Goti ni goti tu, linanisumbua tangu hujazaliwa. Wewe je, nyumba ina joto? Nunua mafuta ya taa mapema, watu wa huku hawakopeshani.

Sitakuambia si kitu. Ni kitu. Mtoto halii, ila hasemi. Hata akitaka chumvi ananyoosha kidole. Mama yake, mwanangu Sachie, alitaka kwenda kumfokea mkuu wa shule. Nikamwuliza, "Ukishafoka, utarudi na nini?" Akakaa.

Lakini wale watoto wananishangaza. Kila jioni mmoja wao anatuletea karatasi za masomo, zimekunjwa vizuri, na pembeni ameandika mwalimu alivyoeleza. Juzi alikuja binti anayeitwa Nanami. Nikamwambia, "Si nyie ndio mliokuwa mkimtania?" Akainama, masikio yamemwiva. "Ndiyo, Bibi. Mimi ndiye niliyeanza." Nikajua huyo harudi tena. Jana kaja na karatasi.

Keki ilikuwa tamu. Usilete nyingine. Ukileta itanibidi nirudishe, nawe urudishe tena, tutazeeka tunabebeshana maboksi, na mimi nimeshazeeka.

Bibi yake Koharu

25 Januari

Kwako Bibi,

Heri ya mwaka mpya, ingawa nimechelewa. Theluji imefika madirishani. Nani anakusafishia paa? Mimi mzima, vidole tu vimepasuka.

Nina habari za dawati. Wakati wa usafi dawati la Koharu linafutwa kama mengine, na wanapopiga kura ya viti kila mwezi, mtu anamchukulia kura yake. Safari hii kapata kiti cha karibu na jiko la joto, kile wanachokigombania. Mmoja akanung'unika, "Hata hayupo, na bado ana bahati!" Nanami akamkata, "Funga domo. Kiti chake." Hakuna aliyekikalia, Bibi, na darasa lile lina baridi ya kuua. Nawapenda watoto hawa, hata baada ya yale waliyoyafanya.

Wameanza mazoezi ya mahafali yao ya kumaliza shule mwezi wa tatu: kuinama, kuinuka, kuitika jina. Mwalimu wa darasa analiita la Koharu pia, anasubiri kidogo, kisha anaita linalofuata. Je, atakuja? Mkuu wa shule, Bwana Muroi, anasema, "Siku atakayokuja, saa atakayokuja, hata akiwa peke yake, sisi tutavaa suti."

Najua mimi ndiye wa mwisho kustahili kuuliza.

Shivani

2 Machi

Shivani mwanangu,

U mzima? Sisi mafua yametupitia nyumba nzima, lakini bado napumua.

Jana Koharu aliacha kijikaratasi juu ya sufuria ya wali. Kaandika atakwenda, ila wenzake wote wawe wameshaondoka. Hata mmoja asimwone. Nilimpelekea Bwana Muroi. Alifungua kalenda akaandika: tarehe kumi na mbili, saa nane mchana.

Kwenda atakwenda. Lakini akiitwa jina, ataitika? Hajamwitikia mtu tangu Septemba.

Bibi

13 Machi

Bibi wangu,

Hujambo? Jana ulinitia hofu.

Walimu kumi na mmoja, suti nyeusi, na mwanafunzi mmoja ambaye sare yake imeshakuwa fupi. Mwalimu wa darasa akaita jina kamili, "Kuwabara Koharu." Kimya. Hakurudia. Hakuna aliyekohoa. Nilikuwa nimeikamata sketi yangu kwa mikono miwili, najiambia, wewe ndiye uliyemnyamazisha. Ndipo akaitika, "Naam!" Kwa nguvu, Bibi, mpaka darini! Nililia bila aibu. Bwana Muroi naye alilia, ila anadai ni chavua za miti zimemwingia machoni.

Baadaye Koharu alinifuata. Akasema polepole, "Mwalimu, usiache kusifu watu. Ila uwe unawauliza kwanza." Nimefundisha watoto wengi, huyu amenifundisha mimi.

Lakini jina lilipoitwa niligeuka kukutazama, kiti chako kilikuwa kitupu. Ulikuwa wapi? Umeikosa sauti ile!

Mjukuu wako Shivani

15 Machi

Mjukuu wangu Shivani,

Mimi mzima, goti na yote. Barazani theluji inayeyuka. Sasa sikiliza, na Koharu usimwambie.

Nilitoka kwenda haja. Uzee hauna adabu. Wakati wa kurudi nikawakuta ujiani. Wote ishirini na watatu. Mahafali yao yalikwisha saa tano. Walipaswa kuwa makwao wanakula wali mwekundu wa sherehe. Walikuwa wamekaa sakafuni nyuma ya mlango, wamevua hata viatu vya kuvalia ndani ya shule ili wasisikike. Nikafungua mdomo niwafukuze, maana mtoto alisema asionwe. Nanami akaweka kidole mdomoni, akaninong'oneza, "Hatutamwona, Bibi. Tunasikiliza tu."

Nikakaa nao. Goti likalia, wakanishika huku na huku. Jina likaitwa. Kimya chenu cha ndani nasi tulikuwa nacho nje, na binti wa kando yangu alikuwa amebana pumzi mpaka nikamhofia. Koharu alipoitika, hakuna aliyepiga makofi. Waliinama wote kwa pamoja, kuuelekea mlango, wakakaa hivyo muda mrefu. Kisha wakabeba viatu mkononi, wakatoka mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo sauti sikuikosa, Shivani. Niliisikia nikiwa pamoja na wenzake.

Bibi yako